Kofia ya Karatasi ya Chai

Mtu akileta mzaha wa watu wanaovaa karatasi ya bati kichwani ili wasiingiliwe na mawimbi ya redio, mimi hunyanyuka nikaenda jikoni kujitafutia kazi. Wajukuu zangu wamekwisha kunijua, hunyamaza. Si kwamba sijui kucheka. Kijiji chetu cha Kanga kizima kinaujua ulimi wangu, na waume wawili waliniacha kwa ajili yake, au niliwaacha mimi, inategemea unamuuliza nani. Lakini kofia ya namna hiyo niliishona mimi kwa mikono hii, akaivaa mdogo wangu wa tumbo moja. Na kwetu, swali la kama inazuia au haizuii lilikuwa swali la kama atabaki nyumbani au atachukuliwa.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Mdogo wangu alikwenda vitani Burma hajui hata kupiga mluzi, akarudi fundi wa simu ya upepo. Ndivyo tulivyoiita wakati ule ile mashine ya kusemeshana isiyopitisha maneno kwenye waya. Kazi yake ilikuwa kuibeba mgongoni, kupanda nayo vilima, na kusikiliza. Mama alimpokea akampapasa mikono yote na miguu yote, akaona imetimia, akamshukuru Mungu. Hakupapasa kingine, na nani angejua pa kupapasa?

Ujuzi ule haukuwa na mteja kijijini. Akawa mkwezi wa minazi katika shamba la mwenye duka letu, bwana mmoja mpole ambaye mababu zake walitoka Omani, na yeye Omani hakuijua ila kwa kusimuliwa. Mdogo wangu alikuwa mkwezi mzuri. Alikuwa kimya, lakini wakwezi wengi ni wakimya, maana huwezi kupiga soga na mtu aliye kwenye mnazi wa jirani. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama baada ya talaka ya pili, nashona kofia za kuuza, na tuliishi sisi watatu bila makuu. Nikisema tulikuwa na raha mtaona natia chumvi, ila tulikuwa na raha.

Miaka ikapita, mwenye duka akaleta redio. Ilikuwa ya kwanza Kanga. Haikufanana na redio mnazozijua nyinyi; ilikuwa ya duara, imekaa ndani ya bati kama sufuria hasa, imepakwa rangi ya samawati, na pembeni yake betri nzito kama tofali. Mwenye duka aliizungushazungusha vifundo ikawa inakwaruza tu. Ndipo akaitwa mdogo wangu. Akaitazama, akacheka, akauliza waya uko wapi. Akapanda mnazi ulio nyuma ya duka, ncha moja ameiuma kwa meno, akaifunga kileleni, ncha ya pili akaichomeka kwenye ile sufuria. Mtu akasoma Kurani kutoka Dar es Salaam, pale pale barazani, na wazee wakavua viatu. Tangu arudi vitani sikuwahi kumwona ndugu yangu na uso ule. Alitembea kijijini siku ile kama bwana harusi.

Sijui ilichukua muda gani mpaka furaha ile ikageuka. Kwanza aliacha kukaa barazani jioni. Kisha nikamkuta ukumbini ameziba masikio kwa viganja, na redio iko dukani, mbali, wala haikuwashwa.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Inanifuata, dada."

"Nini inakufuata?"

"Simu."

Mama akafanya yale ambayo mama yeyote wa kwetu angefanya. Mwalimu wa chuoni akaandika kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mdogo wangu akanywa kwa adabu. Akafukizwa. Majirani wakasema ana pepo, apigiwe ngoma. Hapo akakataa.

"Mama, pepo hutaka ubani na kanga mpya na damu ya mbuzi. Huyu hataki kitu. Anasema tu."

Hatukumuuliza anasema nini. Mimi nilidhani ni yale yale ya redio, bei ya mbata na salamu za wagonjwa na taarabu, yamemganda masikioni kama nyimbo zinavyoganda. Niliona ni ugonjwa wa kelele.

Asubuhi moja akapanda mnazi wa nyuma ya duka akaukata ule waya kwa panga. Hakukimbia. Aliushusha, akaukunja vizuri sana, mviringo juu ya mviringo kama walivyofundishwa jeshini, akaenda kuuweka juu ya mizani ya mwenye duka, akampa shikamoo, akaondoka. Mwenye duka alitaka yaishe, akamtuma mkwezi mwingine kuufunga upya. Lakini watu walikuwa wameonjeshwa redio, na mtu akishaonja hakuna wa kumnyang'anya kinywani. Habari zikafika mjini Kilindoni kwa liwali, mkubwa wa serikali kisiwani kwetu. Mdogo wangu akaitwa, akasemeshwa kwa upole, akaambiwa mbele ya mama kuwa akirudia vurugu yoyote atavushwa kwenda bara, kwenye hospitali ya wenye maradhi ya akili.

Mama aliporudi kutoka Kilindoni alikaa chini mlangoni, hata hakuingia ndani. Tuliwajua wawili watatu waliovushwa hivyo. Hakuna aliyerudi kutusimulia bara kukoje.

Basi ni yeye mwenyewe aliyeleta shauri la kofia. Alinieleza pole pole, mimi nikiwa na sindano mkononi, naye akichora vumbini kwa kijiti. Alisema mawimbi ya simu hupita kwenye ukuta wa udongo, na kwenye makuti, na kwenye nyama ya mtu, bila ruhusa. Lakini kule vitani wakiingia na mashine ndani ya gari la chuma na kufunga milango, inakuwa kiziwi. Chuma na bati huyazuia. "Sasa mimi siwezi kutembea na gari kichwani, dada," akasema, na akacheka, na mimi kwa kusikia kicheko kile ningeshona hata hilo gari.

Karatasi ilipatikana dukani. Masanduku ya chai siku zile yalikuwa na karatasi ya bati laini kwa ndani, inayong'aa, ili chai isile unyevu. Sisi wanawake tuliigombea kwa kupambia vyumba vya maharusi. Mwenye duka, yule yule aliyekatiwa waya wake, akambandulia sanduku zima na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Kushona kitu ndani ya nguo ya mtu umpendaye si jambo geni kwetu. Sote tumekulia na hirizi shingoni. Nikaikunja ile karatasi kama nikunjavyo hirizi, nikaiweka baina ya vitambaa viwili vya bafta, juu na pembeni. Taabu ilikuwa moja. Kofia zetu uzuri wake ni viua, vile vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi, na yeye alitaka kisitobolewe hata kimoja. Kofia bila viua ni wali bila nazi. Nikanung'unika, nikadarizi maua kitambaa cha juu kabla ya kukiunganisha, ili angalau mtoto wa mama yangu asiende msikitini na kitu kama kawa ya kufunikia chakula.

Alipoivaa mara ya kwanza tulisimama sote tukamtazama. Ilichakacha kidogo kila alipogeuza shingo.

"Je?" mama akauliza.

Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu.

"Kimya," akasema.

Mama akaangua kilio cha furaha, akanishika mikono akavibusu vidole, vidole vyangu, mama yangu mzazi. Siku zilizofuata zilikuwa za neema. Alikula. Alilala. Alipokwea jua likampiga, jasho likapita kwenye karatasi, kichwa kikawa kinanuka chai, na watoto wakamwita Kofia ya Chai, naye akawaitikia. Isingeweza kufuliwa wala kutiwa uji wa muhogo ikakauka vizuri, ikaanza kuwa na rangi ya kahawia kama mvuje, lakini mama hakuruhusu mtu aiguse. Mgeni akibisha hodi, kabla hajaketi, mama alikwisha mwambia: "Mwanangu amepona. Dada yake kamshonea kofia."

Angeachwa hivyo mpaka leo. Lakini baraza la watu wasio na kazi halikosi mchokozi. Ijumaa moja baada ya sala mtu mmoja akamwambia, kama kofia yako inazuia, ivalishe redio tuone. Mwenye duka akasema kwa ukali tuache upuuzi. Mdogo wangu akasema hapana, ni swali la haki. Akaivua, akaifunika juu ya ile sufuria ya samawati. Mwimbaji akaendelea kuimba. Akaishusha mpaka ikakaza. Mwimbaji hakukosa hata neno. Watu wakacheka mpaka wakapigana viganja. Akauchomoa waya, kimya. Akaurudisha, nyimbo. Akafanya hivyo tena, taratibu, kama mwalimu, kisha akaichukua kofia yake akaivaa akaja nyumbani.

Mimi niliwaka. "Kofia haikushonewa redio! Imepimwa kichwa chako!"

"Dada, keti," akasema. "Nilijua tangu zamani. Nilijidanganya kidogo kwa sababu mama alikuwa anafurahi. Unapofukiza kanzu, si unaifunika juu ya chetezo, na moshi wa udi unaingia kwa chini ukaijaza yote? Kofia iko wazi chini. Kuzuia, labda nijifunge ndani ya debe lilehemewe, na hapo nitakufa. Na tena," akagusa upande wa kichwa, "ile sufuria inasikia kwa waya. Ukiuchomoa, haisikii. Mimi nikikuvulia kofia utautafuta waya wangu wapi? Uko ndani. Uliachwa ndani."

Ndipo nikamuuliza lile ambalo mtu mwenye akili angeliuliza mwanzo. Nikamuuliza inasema nini.

Hakuwa akisikia taarabu wala bei ya mbata. Alikuwa akimsikia mtu mmoja. Mwenziwe, kijana wa bara, aliyebeba mashine ya pili kwenye kilima cha pili. Siku moja kilima kile kilizungukwa, na waliokuwa upande wa ndugu yangu wakapewa amri wasiseme neno hewani, adui asije akajua walipo. Mwenziwe akaita mchana kutwa. Hakuomba msaada. Aliuliza tu: upo? Unanisikia? Jibu. Mdogo wangu alikuwa akimsikia vizuri, kidole kikiwa juu ya swichi, na afisa amesimama nyuma yake. Magharibi sauti ikakatika.

"Sasa ameanza tena," akasema. "Tangu niufunge ule waya."

"Na ulitaka kofia imzuie."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyeelewa nusu. "Yeye kunisemesha nimezoea, dada. Lakini simu ile ni ya kusikia na kusema. Mimi nikimsikia, naye anatusikia. Anamsikia mama akinitilia wali, akiniambia ongeza. Anakusikia wewe ukinicheka. Yeye yuko kule kilimani bado. Nilitaka asisikie."

Nililia, sikujificha. Naye akanipigapiga mgongoni, yule niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, akaniambia nisimwambie mama.

Basi akaendelea kuivaa. Kwa ajili ya mama akaivaa kila siku, anakula, anasema kimya, kimya, Alhamdulillahi. Mama akinenepa, yeye akikonda. Mimi nilikaa baina yao na siri yangu kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Halafu akaanza kujibu. Hakujibu nyumbani. Alijibu huko juu kileleni, anakoona bahari pande zote na hakuna anayemsikia, au ndivyo alivyodhani. "Nipo! Nakusikia! Nipo!" Wanawake waliokuwa wakiokota nazi wakasikia mtu anapiga kelele juu ya mnazi kwa sauti ya kijeshi, wakatupa vikapu wakakimbia. Mwenye duka akawaomba wanyamaze. Lakini watu waliogopa, na aliyeogopa humwezi. Matarishi wa liwali wakaja asubuhi ya pili.

Walikuwa watu wetu, wana adabu zao, walivua viatu mlangoni. Mama akatoka na kofia mkononi. Alikuwa akiifuta vumbi.

"Mmekosea nyumba," akawaambia. "Huyu wangu ana kofia. Tazameni, ina bati ndani, sikilizeni." Akaiminya masikioni mwao iwalilie. "Haingii mtu humu. Dada yake kaishona, muulizeni. Mwambie, mwanangu. Waambie."

Akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Inazuia." Sijapata kuutumia ulimi wangu vizuri kuliko siku ile, na haukufaa kitu. Mkubwa wao aliinamisha kichwa akasema, "Mama, tumetumwa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; aliyetumwa ana wa kwake.

Tulikwenda nao mpaka Kilindoni. Pwani mama alimvalisha kofia mwenyewe, akaikaza mpaka kwenye nyusi, akamwambia asiivue, hata kulala alale nayo. Mdogo wangu akamwambia, "Sivui, mama." Mimi akanishika mkono tu. Chombo kilipoondoka mama alimwita kwa jina lake. Hakugeuka. Mama akasema, "Unaona? Hasikii. Inafanya kazi." Akatabasamu njia nzima ya kurudi, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Hakumaliza mwaka. Tarishi alikuja na habari kuwa amekufa kwa homa, amezikwa huko huko kwa sheria za dini, na akatupa furushi la nguo. Kofia ilikuwemo, imekunjwa katikati. Mwenye duka aliifunika redio kwa shuka siku zote za matanga, na hakuna aliyelalamika.

Lakini mama hakulilia kifo. Aliishika ile kofia akalilia kofia. "Walimvua. Walimvua mwanangu, wakaliachia lile dude la simu likamwingia. Ndilo lililomwua." Siku baada ya siku, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao, naye bado, walimvua, walimvua. Alikuwa akiwaapiza watu asiowajua. Akaacha kula. Nikaona nikinyamaza zaidi nitazika wa pili.

Nikamwambia. Alasiri moja, tukiwa tunakuna nazi, nikamwambia yote, kofia na redio na udi chini ya kanzu, na yule kijana wa kilima cha pili. Alisikiliza bila kuinua uso kwenye mbuzi.

"Kwa hiyo haikuzuia."

"Haikuzuia, mama."

"Hata nilipomwita pwani?"

"Alikusikia. Alishindwa kugeuka."

Nikangoja anitukane, na matusi yake ningeyapokea kwa shukrani.

"Na huyo mwenziwe," akasema, "anauliza nini?"

"Anauliza kama yupo."

Mama akainuka. Akakung'uta machicha mikononi, akajitanda kanga yake, akashika njia ya dukani, mimi nyuma yake namwita. Baraza lile halikuwa la kukaliwa na wanawake. Yeye alipita katikati ya wanaume bila salamu, nao wakampisha. Redio ilikuwa inasoma bei ya mbata. Akaiinamia mpaka kanga yake ikaigusa.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Hodi, mwanangu. Mimi ni mama yake. Hayupo. Alikuwa anakusikia siku zote, ila alikatazwa kujibu. Usimwite tena huku, tumbo langu linauma. Ameshakuja huko huko uliko, mgeni, hamjui mtu. Mtafute."

Mwenye duka akanyoosha mkono akazima. Mama alibaki ameinama kidogo, kama tunavyofanya sote tukibisha hodi kwenye nyumba tukangoja kuitikiwa. Kisha akanishika mkono akasema twende, tumeziacha nazi juani.